Chumvi Nyuma ya Nyumba ya Pampu

Kwenye rafu ya mbao ndani ya nyumba ya pampu, karibu na msumari ambapo fundi alitundika koti lake la mvua, vilikaa visanduku viwili vya chuma vilivyoungua. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa mkate wa nusu kilo. Ukikitikisa, kitu kililia ndani kama mbegu kavu ndani ya kibuyu, na ukikinusa, hata baada ya miezi, kilikuwa bado na harufu ya plastiki iliyoshika moto. Nilimuuliza fundi kwa nini havitupi.

"Hao ni marehemu wangu," alisema. "Nikiwaangalia nakumbuka wa tatu bado anapumua."

Wa tatu alikuwa ndani ya kabati la kijivu ukutani. Mbele yake palikuwa na taa ya kijani, ndogo kama punje ya mtama. Fundi aliitazama taa ile kila alipoingia, kabla ya kuvua kofia, kabla hata ya kunisalimu.

Nilifika Timau katikati ya miaka ya tisini, nikitokea Runyenjes kwa njia ndefu sana. Shule niliiacha mapema. Hakuna aliyenifukuza, ni kwamba mwalimu alikuwa akieleza jambo moja ubaoni na mimi dirishani nikiona jingine. Tangu hapo nikawa mtu wa kufuata vitu. Niliosha kahawa kwenye kiwanda cha chama cha ushirika mpaka nikaelewa jinsi mashine inavyoimenya. Nikaenda kwa mtu wa mashine ya kusaga unga, nikakaa mpaka nikaelewa mawe yake. Meru mjini nilishikia taa mtu aliyetengeneza redio. Wakati wa mavuno ya ngano nilishona magunia huku juu, nikitaka kujua ile mashine kubwa inatenganishaje punje na makapi. Kila mahali ilikuwa vile vile: nikishaelewa kilicho ndani, miguu inaanza kuniwasha. Nilikuwa nimekaribia miaka thelathini, na vitu vyangu vyote viliingia kwenye mfuko mmoja wa begani.

Shamba la maua liliniandika kubeba mabomba. Siku moja nikapeleka bomba kwenye nyumba ya pampu, nikakuta kabati la kijivu liko wazi. Mwanamume mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya mwekundu upande mmoja, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, analitazama kabati kama mtu anayechunga sufuria ya uji isifurike.

"Hiyo taa ya kijani inafanya nini?" nikauliza.

Hakugeuka. "Wewe ni wa wapi?"

"Runyenjes."

"Ndio maana. Watu wa kwenu hawana salamu, wana maswali tu." Akaisukuma ndoo ya pili kwa mguu. "Keti. Mimi ni wa chini huko, Mbeere. Sisi salamu tunazo. Hatuna maji."

Wiki iliyofuata alimwomba meneja nihamishiwe kwake.

Alinieleza kabati lile kwa jinsi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu. Stima inayoingia kutoka kwenye nguzo ni kali, alisema, na pampu zinaipenda hivyo hivyo. Lakini ndani ya kabati kulikuwa na mashine nyeusi yenye vitaa vingi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na akili. Ilijua tangi la juu limefika wapi. Ilijua ni nyumba gani ya maua imekunywa na ipi bado. Ilijua chumba cha baridi kikipata joto, na ikakiamuru kipoe bila mtu kuinua mkono.

"Sasa akili haili chakula kigumu," fundi alisema. "Inataka volti ishirini na nne tu, laini, isiyotetemeka. Hiki kisanduku ndicho kinaitafunia. Kama mama na mtoto asiye na meno."

"Na radi ikipiga?"

"Radi si lazima ipige hapa. Ikipiga laini hata kule ng'ambo ya bonde, stima inapanda ghafla kwa waya, inakimbia mpaka hapa, inamkuta mama amebeba kijiko." Akanyoosha kidole kuelekea rafu. "Hao ndio akina mama."

Cha kwanza kiliungua katika mvua ya mwezi wa nne, mwaka uliotangulia. Cha pili kikafuata katika mvua ya mwezi wa kumi. Mara zote mbili watu walikimbia usiku na mchana wakifungua na kufunga maji kwa mikono, na maua mengi yakaharibika kabla ya kisanduku kipya kufika kutoka ng'ambo. Sasa tulikuwa tunaukaribia mwezi wa nne tena, na hiki cha tatu kilikuwa cha mwisho. Meneja alikuwa amemwambia fundi wazi: kikiungua, mtambo wote unang'olewa, itakuja kampuni ya Nairobi na mtambo wake na mafundi wake, na nyumba ya fundi watakaa wao.

"Hakunitisha," fundi aliniambia. "Alinishika bega akisema. Hiyo ndiyo iliniogopesha."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mabati ukingoni mwa shamba. Mtu angeweza kupita bila kuiona. Lakini mimi nilikuwa nimeshaalikwa ndani, nikajua ni nini kilichokaa mle.

Fundi na mkewe walikuwa wametoka Mbeere baada ya ukame. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa Embu mjini. Nyumbani walibaki wawili na mifugo, na mifugo ikafa mmoja mmoja. Ng'ombe wa mwisho mke wa fundi alimchotea maji kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, akimnywesha kwa kikombe. Alikufa mdomo ukiwa umelowa. Baada ya hapo, fundi alisema, mke wake alikuwa akijibu akiulizwa, lakini yeye mwenyewe haanzishi neno. Ndipo ikapatikana kazi ya Timau. Huku juu nyasi zilimea hata pale bomba lilipotoa jasho. Wakapata mtamba mmoja, wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Siku moja nikamsikia mama anaimba akikata nyasi," fundi alisema. "Nikasimama na baiskeli yangu nyuma ya ua, sikuingia. Niliogopa nikiingia ataacha."

Wakitoka pale, hawakuwa na pa kumpeleka yule mtamba isipokuwa kule kule alikokufa mwenzake. Mvua ya Mbeere ilikuwa bado haijarudi sawasawa. Hilo ndilo lililokuwa likipumua ndani ya ile taa ya kijani.

Kila saa ya chakula mke wa fundi alikuja na kikapu, chungu kimefungwa kwa leso. Mtamba alimfuata nyuma bila kamba. Wanandoa hao walikuwa wakila pamoja kwenye kizingiti cha nyumba ya pampu, mbele, mahali penye jua, wakitazama mteremko. Mtamba alizunguka nyuma ya nyumba. Nilipohamishiwa kule, siku za kwanza nilikwenda kula viazi vyangu kando. Halafu siku moja kikapu kikaja na sahani tatu.

"Huyu wako wa Runyenjes ameongeza maswali," mama alimwambia mumewe, "mwili hajaongeza."

"Maswali hayanenepeshi."

"Basi mpunguzie." Akanipakulia ndengu mpaka zikamwagika. "Kula, wewe. Ukishiba utanyamaza."

"Ng'ombe wako naye anatukimbia kila siku," nikasema. "Hataki kutuona tukila?"

"Ana haya. Si kama wewe."

Mwezi wa pili meneja alikubali kununua kinga. Zilifika mwezi wa tatu ukikaribia kwisha, mbili ndani ya sanduku la karatasi: moja kubwa, ya kuwekwa kwenye ubao karibu na mlango, pale stima inapoingilia, na nyingine ndogo, ya kukaa ubavuni mwa kisanduku. Kila moja ilikuwa na kidirisha. Kikiwa kijani, iko hai. Ikishapokea kipigo kikubwa ikafa, kinageuka chekundu. Nilizigeuza mikononi asubuhi nzima. Sikuelewa kitu kisichofanya kazi siku zote kinawezaje kufanya kazi siku moja.

"Umeona mifereji ya maji ya kule Meru, ile inatoka mtoni kwenda mashambani?" fundi akaniuliza. "Kabla haijafika kwa mtu wa kwanza, wanachimba njia ya pembeni, inarudi mtoni. Siku za kawaida hakipiti kitu, hata kuku wanalala humo. Mto ukijaa, maji yanaruka ukingo, yanashika njia ile, yanarudi yalikotoka. Na sukuma wiki ya mtu wa kwanza haijui kulikuwa na mafuriko."

"Kwa hivyo kinga ni ukingo."

"Kinga ni ukingo. Waya ya athi ndiyo njia ya kurudi. Na mto ni huu." Akakanyaga sakafu.

Athi ndilo jina ambalo mafundi wote waliita ile waya inayoshuka kwenda ardhini, kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa nyuma ya nyumba. Tulifunga kinga siku mbili. Alinikataza kukunja waya. Mimi nilikuwa nimezungusha iliyozidi, duara zuri kama kamba ya mbuzi, nikaitundika. Akaikata bila huruma.

"Usiniwekee mizunguko hapa. Stima ya radi ina haraka. Ikikuta kona, inatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni huyu." Akagusa kisanduku kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala.

Tulipomaliza alitaka kujua kama ardhi inapokea. Hatukuwa na mita ya kupimia jambo hilo, basi akapima kwa mtindo wa zamani, ambao simshauri mtu yeyote: balbu, upande mmoja kwenye stima, upande mwingine kwenye waya ya athi. Ardhi ikipokea vizuri, balbu inawaka nyeupe. 

Iliwaka nyekundu, kama kaa linalokwisha.

Fundi akazima, akawasha tena. Akakaza skrubu zote. Nyekundu. Akaondoa miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. Nje, mawingu yalikuwa yameanza kujipanga begani mwa mlima, na upepo uliokuja ulikuwa na harufu ya mvua ya mbali. Kila fundi wa milimani anajua mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu radi inafika kabla ardhi haijalowa.

"Haipokei," alisema polepole. "Nimefunga mlango mzuri, na nje hakuna mto."

Tulizunguka nyuma. Alipoandikwa kazi alikuwa ameichimbia nondo ile shimo yeye mwenyewe, akajaza makaa na debe zima la chumvi, kwa kuwa chumvi hushika unyevu na kuifanya ardhi kavu ipokee. Sasa pale palikuwa na shimo tupu, pana kama karai. Nondo ilisimama katikati, nusu yake nje. Fundi aliigusa kwa kidole kimoja ikatikisika kama jino la mtoto.

"Mwizi," nikasema.

"Mwizi angechukua shaba."

"Nguruwe mwitu?"

Alichuchumaa, akapitisha kiganja ndani ya shimo. Pande zake zilikuwa laini, zimelainika kabisa, hazina alama ya jembe wala ya kwato. "Nguruwe mwitu hapigi msasa," alisema.

Tulikuwa bado tumechuchumaa pale aliposikika mama upande wa mbele, akiita kwamba chakula kimefika na watu hawapo. Kabla hatujajibu, mtamba akatokea kwenye kona ya nyumba, tumbo lake likiyumba. Alitupita kana kwamba sisi ni mawe. Akapinda shingo, akaingiza kichwa ndani ya shimo katikati yetu, akaanza kulamba.

Sikuwahi kuusikia ulimi wa ng'ombe kwa karibu vile. Ni sauti ya mtu anayeranda mbao.

Mama alikuja nyuma yake na kikapu, akacheka. "Mbona mmekaa kwenye meza ya wenyewe? Hapo ni pake. Tangu ashike mimba ni hapo tu. Mwili unamtuma udongo."

Nilimwona fundi akimtazama mkewe, kisha mtamba, kisha nondo. Hakuna aliyehitaji kunieleza jambo lile. Hata kwetu ni hivyo hivyo: mwenye mimba akitamani udongo hafukuzwi, awe mwanamke au mnyama. Unampisha. Mama huyu alipokuwa na mimba ya binti yake, mama mkwe ndiye aliyemletea mawe laini ya kutafuna kutoka sokoni, akayaficha kwenye shuka ili wengine wasiyamalize. Aliona kila siku mtamba wake akilamba nyuma ya nyumba ile, na kila siku alifurahi.

"Mama," fundi alisema, "hiyo chumvi ni yangu."

"Chumvi gani?"

Akamweleza. Alieleza taratibu, kwa maneno machache, akiwa bado amechuchumaa. Nilimwona mama akiweka kikapu chini. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, na nikakumbuka yale fundi aliyoniambia, kuhusu mtu anayejibu tu na haanzishi neno.

"Wale wawili wa kwenye rafu," aliuliza. "Ni mimi niliwaua?"

"La."

"Usinifiche, baba."

"Sikufichi. Wale hawakuwa na kinga yoyote. Hata athi ingekuwa nzuri namna gani, wangekufa tu. Hujaua mtu." Akasita. "Huyu wa tatu ndiye alikuwa anaelekea kufa kwa ulimi."

Mimi nilicheka, ilinitoka. Mama hakucheka. Alikuwa ameweka mkono kwenye mgongo wa mtamba.

"Nitampeleka soko la Kiirua," alisema. "Kabla meneja hajaona. Mifugo hairuhusiwi kuja huku, na wewe unajua. Afadhali ng'ombe aende kuliko nyumba."

Fundi aliinuka. Magoti yake yalilia. Aliitazama ile nondo, nami nilikuwa nimeshaanza kuogopa atasema ndiyo, kwa kuwa ukiipima kwa akili, lilikuwa jambo la maana.

"Umpeleke sokoni na mimba yake kwa sababu amepata chumvi?" alisema. "Nani aliweka chumvi mahali ng'ombe anafika? Si mimi? Mtoto wa Mbeere, nimelelewa na ng'ombe, naweka debe zima la chumvi chini ya anga halafu nasema ni athi." Akachukua kikapu. "Twende tule. Chakula kinapoa."

"Na huyu?" mama akauliza. Mtamba alikuwa bado analamba.

"Mwache amalize."

Tukala kwenye kizingiti, sisi watatu. Ulimi ulisikika nyuma ya ukuta mpaka mwisho.

Mchana ule ule tulianza kuchimba. Fundi alitaka tuchimbe karibu na ukuta, lakini mama alikuwa ameshapita na jembe mpaka chini ya tangi, mahali ambapo valvu ilivuja na nyasi hazikauki. Alisimama pale akisubiri tumfikie.

"Unajuaje ni hapo?" nikamuuliza.

"Nimefukua mto mzima nikitafuta tone, wewe unaniuliza najuaje?" alisema, na nikafurahi kusikia kwamba amenikemea.

Alichimba kuliko sisi. Alifunga leso kiunoni, akatupa udongo nyuma yake kwa mpigo usiobadilika, na alipofika kwenye tope jeusi alilishika akalifinya, akamwonyesha mumewe maji yakipita katikati ya vidole. Tukapigilia nondo tatu, ndefu, tukaziunganisha kwa shaba, tukajaza makaa na tope, chumvi hata chembe hatukutia. Shimo la zamani tulilijaza udongo tukaushindilia, na nondo yake tukaiunganisha na hizi mpya, ili zote ziwe kitu kimoja. Kisha mimi nikapata wazo: nikavuta mpira mwembamba wa matone kutoka nyumba ya maua iliyo karibu, nikaulaza juu ya shimo. Fundi aliutazama ukidondosha, tone, tone.

"Sasa athi yetu inanyweshwa kama waridi," alisema.

Tuliziba juu kwa kifuniko cha zege. Meneja alipita akauliza kinachoendelea, na fundi akamwambia athi ilikuwa imekauka, tunaichimbia mahali penye maji. Meneja akasema vizuri, akaenda zake. "Si nimesema kweli?" fundi aliniuliza baadaye. "Ilikauka. Nani aliikausha, hilo hakuniuliza."

Jioni tukapima kwa balbu. Iliwaka nyeupe hata mama akakinga macho.

Kwa mtamba, fundi alichonga hori kutoka kwenye gogo, akaliweka nyuma ya nyumba yao, akatia jiwe la chumvi ya mifugo. Mtamba alilinusa kwa adabu. Kesho yake, saa ya chakula, alikuwa tena nyuma ya nyumba ya pampu, akilamba ukuta.

Mvua ilikuja alasiri, baada ya siku chache. Mlima ulipotea kwanza, kisha vilima vya ngano, kisha mvua ya mawe ikaanza kupiga plastiki ya nyumba za maua kwa kishindo hata ikabidi mtu apige kelele ili asikike. Mama alikuwa akikata nyasi karibu. Aliingia mbio kwetu, na mtamba akasukuma kichwa na mabega ndani ya mlango nyuma yake, akabaki hapo, nusu kavu na nusu ndani ya mvua. Hakuna aliyemtoa.

Fundi alisimama mbele ya kabati. Radi ilipiga ng'ambo ya bonde, kisha karibu zaidi. Kila mmweko, nilimwona akitazama ile punje ya kijani, na mkewe akimtazama yeye.

Ile kubwa haikutanguliwa na kitu. Mwanga na mshindo vilikuja pamoja. Kwenye ubao wa stima karibu na mlango kitu kililia ta, kama kijiti kikavu kinachovunjwa, na kila kitu kikazimika: pampu, taa ya dari, vitaa vya mashine nyeusi. Na ile ya kijani.

Mvua ya mawe iliendelea. Stima ilikuwa imekatika kwenye laini, hilo tulilijua; lakini kisanduku kilikuwa kimezimika kwa sababu stima haipo, au kwa sababu kimekufa? Namna ya kujua ilikuwa moja tu, kuwasha jenereta ya akiba iliyokuwa kwenye kona. Fundi alikwenda akashika mpini wake. Akabaki ameushika. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu yule akiogopa kujua kitu.

"Washa," mkewe akasema.

"Ngoja mvua ipungue."

"Washa, baba. Tukae tukijua."

Akazungusha. Jenereta ilikohoa, ikakohoa, ikashika. Taa ya dari ikawaka. Ndani ya kabati palikuwa peusi, kwa muda ambao sitaki kuusema ni mfupi, ingawa najua ulikuwa mfupi. Kisha ile punje ya mtama ikawaka kijani. Mashine nyeusi ikaamka, kitaa kimoja, kingine, vyote, na chini yetu pampu ya kwanza ikaanza kunguruma.

Mama alikuwa amemshika mtamba shingoni kwa mikono yote miwili. Fundi alikwenda kwenye ubao, akapiga tochi kwenye kinga ile kubwa. Kidirisha kilikuwa chekundu. Akarudi akaangalia ile ndogo, ubavuni mwa kisanduku. Kijani.

"Stima ya radi imeruka ukingo," aliniambia. "Imerudi mtoni."

Meneja aliagiza kinga nyingine bila kuuliza maswali mengi, na habari za kampuni ya Nairobi hazikutajwa tena. Ile iliyokufa fundi aliipangusa vizuri, akaiweka kwenye rafu, pembeni ya wale wawili.

"Na huyu naye mnamuweka hapo na wengine?" mama aliuliza, kikapu mkononi.

"Huyu ni tofauti. Huyu alimkinga mwenzake."

Mama alinyoosha mkono, akaigusa, akashangaa. "Kadogo hivi?"

Nilikaa Timau mpaka mtamba akazaa, na baada ya hapo nikakaa tena, kuliko nilivyowahi kukaa popote. Nilikuwa nimeshaelewa kila kilichokuwa ndani ya lile kabati, lakini miguu haikuniwasha. Ilipoanza kuwasha hatimaye, mama alinifungia maziwa kwenye chupa na kunitukana kwa kuondoka, kwa Kimbeere, ili matusi yaniingie vizuri.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni la kila siku. Saa ya chakula, tukiwa kwenye kizingiti, ng'ombe alikuwa akija na kuzunguka nyuma kama zamani. Aliunusa udongo tulioushindilia, akalamba ukuta mara moja au mbili, kisha akatokea kwenye kona na kusimama, akimwangalia fundi. Fundi aliweka sahani chini. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, akamimina chumvi kiganjani, akamwendea. Alimlisha akiwa amempa kisogo mkewe, akimwambia ng'ombe kitu kwa sauti ya chini. Ningeweza kusogea nikasikia anamwambia nini. Sikusogea.